Baa ya Kathiani na nyumba ya umma ya Waingereza

Ni nadra sana kumpata mwalimu aliyeshindwa kulituliza darasa lake, kisha jina lake likaja kuandikwa kwa herufi kubwa juu ya milango mia nane. Mwalimu wa aina hiyo aliwahi kuwepo. Alifundisha New Zealand, na jina la ukoo wake lilikuwa Wetherspoon. Mmoja wa wanafunzi wake, Tim Martin, alikuja kusomea sheria nchini Uingereza, akaiacha taaluma hiyo, na mwaka 1979 akafungua baa katika mtaa wa Muswell Hill, kaskazini mwa London. Alipotafuta jina la biashara yake alimkumbuka mwalimu yule aliyezidiwa nguvu na wanafunzi, akalitwaa jina lake na kulitanguliza kwa herufi J na D alizozichota katika mchezo mmoja wa televisheni wa Kimarekani. Leo J D Wetherspoon ni msururu wa baa zipatazo mia nane kote Uingereza na Ireland, na ni vigumu kuupata mji wa wastani nchini humo usiokuwa nayo hata moja.

Kisa hicho sikukitaja ili kuwachekesha walimu, ingawa nao wana haki ya kucheka mara moja moja kabla ya muhula kufungwa. Nimekitaja kwa sababu baa ni jambo linalowahusu walimu kuliko wanavyopenda kukiri, na linawahusu wanafunzi kuliko wazazi wanavyodhani. Tena jambo lenyewe huzungumzwa nchini kwa namna moja tu, yaani namna ya amri: fungeni, bomoeni, kamateni, mwageni. Ni mara chache watu huuliza baa ni mahali pa namna gani, au mtu anayeingia humo saa moja jioni anatafuta nini hasa.

Tuchukue mfano wa Kathiani. Ukitoka mji wa Machakos na kuvuka vilima vya Iveti, utalikuta soko hilo likiwa na kila kinachostahili kuwepo katika makao makuu ya eneo bunge: hospitali, ofisi za serikali, makanisa ya madhehebu mbalimbali, shule za upili za wavulana na za wasichana, maduka ya pembejeo, vibanda vya M-Pesa, wachuuzi wa nyanya na maembe, na miteremko yenye mikahawa iliyowasomesha watoto wengi wa sehemu hizo wakati bei ya kahawa ilipokuwa bei. Na bila shaka kuna baa. Baa za Kathiani hazina tofauti kubwa na za Mitaboni, Tala, Kangundo au Wote, na msomaji wa Kakamega au Kisii hatapata taabu ya kuzitambua. Nje, ukuta umepakwa rangi za kampuni ya bia kuanzia chini hadi juu, hata jina la mwenye baa limesukumwa pembeni kama jina la mfadhili mdogo wa harambee. Mlangoni pana pazia. Dirisha, ikiwa lipo, limepakwa rangi ili wapita njia wasione ndani. Kaunta imezungushiwa vyuma vilivyosukwa kama vya kituo cha polisi, pakaachwa kitundu kidogo cha kupitishia pesa na chupa.

Yule mhudumu naye ana swali lake la kwanza, ambalo kila Mkenya mnywaji analijua: "Moto au baridi?" Mgeni kutoka nchi nyingine hudhani ameulizwa habari za chai. Kisha chupa huletwa ikiwa imefungwa na kufunguliwa mbele ya macho ya mnunuzi, na watu wengine huchungulia kifuniko kabla ya kumimina. Tendo hilo dogo lina historia ndefu na ya huzuni, nami nitairudia baadaye.

Juu ukutani, karibu na dari, pana televisheni, na jioni za Jumamosi televisheni hiyo huwa Uingereza. Vijana wa Kathiani wanaijua mitaa ya London kwa majina ya viwanja vyake. Wanajua nani ameumia goti na nani anauzwa. Hata hivyo sidhani kama wengi wao wamewahi kujiuliza mashabiki wenyewe wa huko hunywea wapi. Wangeshangaa kuambiwa kwamba katika baa nyingi za msururu huu nilioutaja muziki haupigwi kabisa.

Mwandishi wa safu hii aliwahi kuingia katika mojawapo ya baa hizo katika mji wa Tunbridge Wells, jimbo la Kent. Jumba lenyewe halikujengwa liwe baa. Lilijengwa mwaka 1902 kwa ajili ya opera, yaani michezo ya kuimbwa, baadaye likawa sinema, kisha ukumbi wa bingo. Msururu wa baa ulipolitwaa haukuzibomoa roshani wala jukwaa, hivi kwamba mnywaji huketi mahali ambapo zamani wenye tiketi waliketi, na macho yake yakiinuka yanaona mapambo ya dari yaliyonakshiwa zaidi ya karne moja iliyopita. Huo ndio mtindo wa msururu huo. Hutafuta benki iliyofungwa, posta iliyohamishwa, sinema iliyokufa, hata kanisa lililokosa waumini, ukaigeuza baa. Zulia la kila baa huchorwa kivyake, lisifanane na la baa nyingine. Kutani hutundikwa picha na maelezo ya historia ya mji wenyewe: nani alizaliwa hapa, daraja lilijengwa lini, kiwanda kilitengeneza nini kabla ya kufungwa. Majina ya baa nayo mara nyingi hutokana na historia hiyo hiyo.

Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Mama mmoja alikuwa na mtoto mchanga kwenye kigari, akinywa kahawa. Wazee wawili walikuwa wakisoma magazeti bila kusemezana, kwa utulivu wa watu waliofahamiana miaka arobaini. Mwanafunzi mmoja alikuwa ametandaza madaftari yake mezani. Kaunta ilikuwa wazi, haina chuma hata kimoja. Mteja husimama mbele yake, huagiza, hulipa, hubeba kinywaji chake mwenyewe. Niliagiza kahawa ambayo kikombe chake hujazwa tena bila malipo, nikakaa saa mbili, na hakuna aliyenijia kuniuliza nangoja nini.

Waingereza wenyewe huziita baa zao kwa jina fupi, ambalo ukilirefusha maana yake ni nyumba ya umma. Jina hilo lina uzito. Nyumba ya umma si nyumba ya serikali, wala si nyumba ya mtu binafsi anayekukaribisha kwa hisani yake. Ni nyumba ya mtu ambayo sheria imeifungulia umma mlango. Mtu asiye na sebule nzuri kwake ana sebule pale. Kwa karne kadhaa vyama vya wafanyakazi, vilabu vya mpira na hata vikao vya kuchunguza vifo vya ghafla vilifanyikia katika nyumba hizo, kwa kuwa kijiji hakikuwa na chumba kingine kikubwa chenye moto na viti.

Lakini tusije tukafanya kosa la kudhani kwamba Mwingereza alizaliwa akijua kunywa. Nchi yake imehangaika na ulevi kwa muda mrefu na kwa sheria nyingi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia serikali iliona kwamba wafanyakazi wa viwanda vya silaha wanafika kazini wamelewa, ikapunguza saa za kuuza pombe na kuzilazimisha baa zifungwe mchana. Amri hiyo ya dharura ya vita iliendelea muda mrefu baada ya vita kwisha. Ni mwaka 1988 tu ambapo baa za Uingereza na Wales ziliruhusiwa kubaki wazi alasiri nzima. Wanawake nao walikuwa na shida zao. Hadi mwaka 1982 palikuwa na baa maarufu katika mtaa wa Fleet Street, London, mtaa wa magazeti, ambapo mwanamke hakuruhusiwa kusimama kaunta akauziwa kinywaji kama wanaume. Ilibidi aketi katika chumba cha nyuma na kuletewa. Mwaka huo Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba huo ni ubaguzi na ni kinyume cha sheria. Naitaja hukumu hiyo kwa makusudi. Wapo watu wetu wanaosema kwamba mwanamke kukaa peke yake mahali penye pombe ni desturi ya kizungu. Desturi ya kizungu ilikuwa kumzuia. Kilichomruhusu ni kesi.

Aidha, msururu wenyewe si malaika. Katika saa zile nne asubuhi nilizozieleza hapo juu, palikuwa pia na wanaume wachache waliokwisha kuanza bia, na haikuwa bia ya kwanza. Bei zake ni nafuu kwa sababu kampuni hununua kwa wingi, na unafuu huo umewatia hasara wenye baa ndogo za mitaani, ambazo nyingi zimefungwa katika miongo ya karibuni, ingawa kodi na bia ya bei poa ya madukani zimechangia pia. Tangu mwaka 2017 mteja anaweza kuagiza kwa simu akiwa ameketi, akaletewa, akalipa, akaondoka bila kumwambia mtu yeyote habari za asubuhi.

George Orwell, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kwa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, aliandika mwaka 1946 makala ya gazeti kuhusu baa aliyoipenda kuliko zote London. Aliipa jina The Moon Under Water, akaisifia utulivu wake, wahudumu wake wanaowajua wateja, na bustani yake ya nyuma ambamo watoto hucheza. Mwishoni akafichua kwamba baa hiyo haikuwepo. Ilikuwa ya kufikirika. Msururu wa Tim Martin ulilichukua jina hilo ukazipa baa zake kadhaa. Waama, sifa nyingi za baa ya Orwell zinaweza kununuliwa: ukimya, viti, chakula, dari nzuri. Ile ya kujulikana na mhudumu haiuzwi, na katika msururu wa baa mia nane haipatikani kwa urahisi. Hapo ndipo Kathiani inapoishinda Tunbridge Wells bila jasho. Katika baa ya Kathiani mhudumu anakujua jina, anajua deni lako, anajua mwanao yuko kidato cha ngapi na ada yake imelipwa kiasi gani.

Mkamba hakuingojea kampuni yoyote imfundishe kunywa. Pombe yake ya asili, uki, ilitengenezwa kwa asali au kwa maji ya miwa, ikachachushwa kwa tunda la mwatine lililokaushwa, ambalo majirani zetu Wakikuyu huliita muratina. Haikunywewa na kila mtu wala kila siku. Ilikuwa ya wazee. Ilimwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia, ilitolewa katika mazungumzo ya mahari na katika kusuluhisha ugomvi wa mipaka. Kijana aliyeonekana amelewa alikuwa aibu ya ukoo mzima. Kwa maneno mengine, palikuwepo sheria ya umri kabla ya Bunge kuwepo, na askari wake walikuwa wazee wenyewe walioketi pale.

Utaratibu huo ulivunjwa na mambo mengi kwa pamoja: kazi za mshahara mjini, mafundisho ya misheni zilizoihesabu kila tone kuwa dhambi, na serikali ya kikoloni, ambayo ilikuwa na unafiki wa aina yake. Kiwanda cha bia kilianzishwa nchini mwaka 1922 na ndugu wawili wa ukoo wa Hurst. Mwaka uliofuata mmoja wao, George, aliuawa na tembo, na bia yao ikapewa jina la Tusker kwa ukumbusho wa mnyama huyo mwenye pembe. Lakini Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa bia ya chupa hadi mwaka 1947. Alitengewa kumbi za manispaa alikouziwa pombe ya kienyeji chini ya usimamizi, na faida yake ikatumiwa kugharimia huduma za Waafrika hao hao. Yaani mnywaji alijilipia zahanati kwa kulewa. Wahenga walisema cha mlevi huliwa na mgema. Hapa mgema alikuwa ni baraza la mji.

Nadhani zile kaunta zenye vyuma ni mtoto wa ukumbi ule. Ukumbi wa manispaa haukujengwa uwe sebule ya mtu. Ulijengwa uwe mahali pa kuwatazama watu wanaoshukiwa, wanywe, walipe, waondoke. Uhuru ulipopatikana tulirithi chupa aliyokuwa akiinywa Mzungu, tukairithi na kaunta aliyotengewa Mwafrika, na hatukuuliza kama vitu hivyo viwili vinapatana. Mwandishi David Maillu, mzaliwa wa Kilungu iliyokuwa zamani katika wilaya ya Machakos, alilisikia jambo hili mapema. Mwaka 1973 alichapisha My Dear Bottle, shairi refu ambalo msemaji wake ni mlevi anayezungumza na chupa yake. Wahakiki walilidharau, serikali ya Tanzania baadaye ikavipiga marufuku vitabu vya kampuni yake, lakini makarani wa Nairobi walikinunua kitabu hicho wakakisoma kwenye mabasi. Mtu hazungumzi na chupa akiwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye.

Sasa nirudi kwa yule anayechungulia kifuniko. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na laiti wagema wetu wangetia maji tu. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mwaka 2005 Machakos yenyewe ilizika makumi ya watu kwa sababu iyo hiyo. Mei 2014 maafa yakarudi katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu, Kiambu, Kitui na Makueni. Februari 2024 ikawa zamu ya kijiji cha Kangai, Kirinyaga, ambako pombe iliyoua ilihusishwa na shehena iliyokuwa imehifadhiwa polisi kama ushahidi. Walimu wa kemia wanaweza kuwaeleza wanafunzi kwamba methanoli haitofautiani na ethanoli kwa rangi, na kwa harufu si rahisi kuzitenga. Ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho. Ndiyo maana walionusurika wengi walisimulia kwamba waliomba taa iwashwe ilhali taa ilikuwa inawaka.

Serikali imejaribu njia mbili. Njia ya kwanza ni ya bei. Mwaka 2004 kampuni kubwa ya bia ilileta bia ya pipa iliyosamehewa sehemu kubwa ya kodi, ili maskini aache pombe ya sumu. Siku hizi hutengenezwa kwa mtama, nao wakulima wa sehemu kavu za Ukambani wamepata soko. Mwaka 2013 Hazina iliupunguza msamaha huo kwa nusu, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka, na mwaka uliofuata yakatokea yale ya Mei. Sisemi jambo moja lilizaa jingine moja kwa moja, ila mwalimu wa hesabu angeichora grafu yake kwa uangalifu. Mwaka 2015 msamaha ukarudishwa.

Njia ya pili ni ya saa na umbali. Sheria ya mwaka 2010, ambayo watu waliibandika jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho, ilihalalisha chang'aa iliyopigwa marufuku tangu mwaka 1980, mradi itengenezwe kwa leseni na kutiwa chupani. Ikaagiza baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana mwisho wa juma na sikukuu. Ikakataza baa kuwa karibu na shule kwa mita 300. Kwa hiyo nasi tukaipokea ile dawa ya vita vya 1914 miaka zaidi ya ishirini baada ya Waingereza kuitupa. Si vibaya, pengine wao ndio waliokosea kuitupa. Hata hivyo, katika soko dogo lililozungukwa na shule, mtu akichukua utepe na kupima mita 300 kutoka kila lango la shule, atagundua kwamba ama soko lihame au sheria ifumbe macho. Tunajua ni lipi kati ya hayo hutendeka.

Mwaka 2025 likaongezwa jingine. Sera mpya ya taifa kuhusu pombe na dawa za kulevya ilipendekeza umri wa kununua pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Kelele zilipozuka, NACADA ilieleza kwamba hiyo ni sera tu, haijawa sheria. Wanafunzi wengi wameniuliza maoni yangu. Siipingi miaka 21. Huko Uingereza kijana wa miaka 16 anaweza kunywa bia au mvinyo mezani, akila chakula pamoja na mtu mzima, ingawa hawezi kununua. Huko Marekani haruhusiwi mpaka 21. Na nchi zote mbili zina walevi wa kutosha. Umri peke yake hautatui jambo. Swali langu ni jingine. Kijana wa miaka 19 wa Kathiani, aliyemaliza kidato cha nne na hajapata chuo, akifukuzwa baa saa moja jioni, aende wapi? Nyumbani kuna taa moja na wadogo zake wanaoifanyia kazi za shule. Kanisa limefungwa hadi Jumapili. Barabarani ataitwa mzururaji. Duka la pombe kali lenye dirisha la kuuzia litampa kichupa akanywe gizani, ambako hakuna mzee wa kumtazama wala mhudumu wa kumwambia imetosha.

Swali hilo hilo linamhusu mwalimu. Kanuni za utumishi wake zinahesabu ulevi kuwa utovu wa nidhamu, na ni haki. Lakini mwalimu aliyepelekwa kufundisha mbali na kwao, anayeishi katika chumba cha kupanga cha mita tatu kwa tatu nyuma ya maduka, naye anahitaji mahali pa kukaa na mtu mzima mwenzake kuzungumzia mambo yasiyohusu silabasi. Mahali penye taa pekee baada ya jua kutua ni pale penye pazia mlangoni. Anaingia kwa ajili ya kiti, analipa kwa kunywa. Mwalimu wa kike hana hata hicho. Akiingia, kesho jina lake litakuwa darasani kabla yake. Wasomaji wa riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed wanamkumbuka Maimuna na mahali alipoishia. Watu wetu wamekuwa wepesi wa kumwona Maimuna katika kila mwanamke aliyekaa na chupa ya soda mbele yake.

Na hapa nataka kusema jambo ambalo huenda likawaudhi wanaosubiri niwasifu Waingereza. Kathiani haihitaji msururu wa baa. Msururu tunao tayari, ila wetu ni wa bia, si wa baa: rangi zile zile ukutani kutoka Busia hadi Lunga Lunga. Tena nyumba ya umma tunayo, na haina pazia. Inaitwa hoteli. Ni ile yenye mabenchi marefu, chai ya maziwa ndani ya birika kubwa, mandazi, chapati, na muthokoi siku ya soko. Humo mkulima, mgonjwa aliyetoka hospitali, dereva wa matatu, mwanafunzi aliyetumwa ada na padri hukaa meza moja. Mwanamke huingia peke yake bila kuulizwa. Mtoto huingia. Unaweza kukaa saa nzima kwa kikombe kimoja, ingawa mwenye hoteli hatakijaza tena bure. Hiyo ndiyo baa ya Orwell, imekosa tu bia na bustani.

Kasoro yake ni moja: hoteli hufunga jua likitua. Mwenye hoteli huanza kuosha sufuria saa kumi na mbili, wakati ule ule baa inapopata wateja. Nimewauliza wenye hoteli wawili watatu sababu, wakataja umeme, usalama, na kwamba chai ya usiku haina mnunuzi. Sababu mbili za kwanza ni za kweli. Ya tatu haijajaribiwa. Kahawa inayopandwa kwenye miteremko iliyo juu ya soko hilo husafirishwa mbali, nadhani nyingine hufika hata kwenye vikombe vya Tunbridge Wells, na ni shida kupata kikombe chake kimoja sokoni hapo saa moja jioni. Picha za zamani nazo zipo katika masanduku ya familia: mikutano ya akina Muindi Mbingu wa mwaka 1938, wakati Wakamba walipokataa kuuziwa mifugo yao kwa nguvu, ilisimuliwa katika vilima hivi hivi, na hakuna ukuta wa hoteli unaoitaja. Darasa moja la historia lingeweza kuukusanya ukuta mzima kwa muhula mmoja.

Lipo pia la kisheria. Leseni za baa hutolewa na kaunti tangu ugatuzi wa mwaka 2013, na utaratibu wa sheria ya 2010 unataka maombi yatangazwe, na mtu yeyote aruhusiwe kuwasilisha pingamizi kabla kamati haijaamua. Wazazi na walimu huzisoma notisi hizo mara chache, na wakizisoma hudhani pingamizi ni lazima liwe la kufunga. Mtu anaweza kuandika kwamba hapingi baa, bali anataka dirisha lisipakwe rangi, chakula kiuzwe, kaunta iwe wazi na pazia liondolewe. Kamati inaweza kukataa. Itakuwa imelazimika kwanza kuisoma barua hiyo na kuijibu.